Anayekula kwa Siri

"Fungua mdomo."

Mama mkwe alikuwa amejikita katikati ya mlango kama kabati lililokosa pa kuwekwa. Mke wa fundi cherehani ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, ovaroli imemganda mgongoni, mabuti ameyashika mkononi. Majirani wawili waliokuwa wanaanua nguo wakapunguza kasi ya kuanua.

Alifungua mdomo. Mama mkwe akasogeza pua, akavuta hewa polepole, kama anayechunguza maziwa kama yamechacha.

"Dawa," akasema. "Leo tena unanuka dawa."

"Mama, si napiga dawa kutwa nzima? Ulitaka ninuke nini?"

"Dawa inapigwa kwenye nyanya, haipigwi mdomoni. Unaisukutua ili nisisikie harufu ya ulichokula huko. Mimi si mtoto wa juzi."

Jirani mmoja akacheka ndani ya shuka alilokuwa analikunja. Mke wa fundi akapita kwa ubavu, maana kwa mbele hakuenea tena, akaenda kuinamia beseni.

Zamani alikuwa mwembamba. Wakati ule akifanya kazi ya kupanga nyanya kwenye makasha, watu walimwita Uzi, na mumewe alijivunia kwamba gauni la mkewe halimalizi kitambaa. Halafu akahamishiwa kwenye kupiga dawa, bomba mgongoni, na mwili ukaanza kuvimba kama unga uliotiwa hamira. Akapunguza chakula, mwili ukaongezeka. Akaacha chakula cha jioni, mwili haukujali. Shambani wakambadilisha jina, wakamwita Tangi. Nyumbani mama mkwe alitia kufuli kwenye kabati la chakula, na ufunguo akauvaa shingoni, ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna mwizi mwenye akili timamu angetia mkono.

Fundi mwenyewe aliketi na cherehani yake chini ya dirisha. Kila gauni la mkewe alikuwa amelipasua ubavuni na kuliongeza kipande, mara la bluu kipande chekundu, mara la maua kipande cha mistari, kulingana na masalio ya wateja.

"Fundi," mteja mmoja aliwahi kumwuliza akilitazama gauni lililotundikwa, "hili ni la shemeji, au kuna watu wanahamia porini wamekuagiza hema?"

Fundi akacheka. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia, akamsikia anavyocheka. Hakikuwa kicheko cha kumridhisha mteja. Kilitoka tumboni.

Jumapili, wifi akaja.

Dada yake fundi alikuwa na saluni mjini na wembamba wa kujivunia. Aliketi kwenye ncha tu ya kiti, kana kwamba akikaa vizuri kiti ndicho kitakachofaidi. Hata kabla ya salamu kupoa, alimwita mtoto.

"Hebu njoo, Kibonge. Simama hapo nikuone. Geuka. Geuka." Akapiga kofi la mshangao. "Jamani, mbona hamalizi kugeuka?"

Kibonge alikuwa msichana wa miaka tisa. Jina hilo alipewa na shangazi yake huyohuyo, shule ikalipokea kwa furaha. Alisimama amejibana mikono tumboni, shati la shule limekataa kufunga vifungo vya chini.

"Shati hilo nimeliongeza muhula uliopita," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Nimeliongeza na juzi. Vitambaa vyeupe vimeniishia. Sasa nimwongezee pazia?"

"Mtoto anakula kipande cha mkate asubuhi," mkewe akasema. "Mama yako ndiye anayekata."

"Nakata chembamba mpaka unaona mwanga upande wa pili," mama mkwe akakubali.

"Basi anayemjaza ni nani?" wifi akauliza. "Upepo?"

Nje ya dirisha, hatua chache tu, ulipita uzio wa shamba, na nyuma ya uzio mabanda ya plastiki yalimeremeta mstari baada ya mstari. Chumba kile kilikuwa cha shamba, kama vyumba vyote vya safu ile. Siku za kupiga dawa majirani walifunga madirisha, isipokuwa fundi, maana asipofungua hakuwa anaiona sindano.

"Ni mama yake," wifi akaendelea. "Anakula shambani na anamletea na huyu. Wanajificha chooni wanakula."

"Hatuli chooni," Kibonge akasema.

"Nyamaza. Wakubwa wanakuzungumzia." Wifi akamgeukia kaka yake. "Nipe huyu mtoto kabla hajapasuka. Kwangu atakimbia asubuhi, atakula mchana, jioni atakunywa maji. Baada ya muda nitamrudishia mama yake mtoto badala ya godoro."

Fundi akasimamisha cherehani. Akakuna kidevu kama mtu anayetaka aonekane anafikiri.

"Sikiliza," akamwambia mkewe. "Nimechoka kuchekwa. Mama akikukuta unakula kwa siri, hata mara moja, mtoto anaondoka na shangazi yake. Na humfuati."

"Na asiponikuta?"

"Mtoto anabaki, na mimi sisemi tena."

Kibonge akamkimbilia mama yake, akamkumbatia kiunoni. Mikono yake ilizunguka ikashindwa kukutana nyuma. Wifi aliliona hilo akakohoa kikohozi chenye maneno.

"Nitamkutaje mimi niko hapa na yeye anakula kule?" mama mkwe akasema. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa. "Hapana. Kesho naenda naye kazini."

Wakadhani anatania.

Ulikuwa msimu wa kufunga miche, na mnyapara wa shamba alichukua kibarua yeyote mwenye vidole. Mama mkwe alijitokeza getini na kanga mbili na uso wa mtu anayetafuta riziki. Akapewa kamba na kisu kidogo, akatumwa kwenye banda ambalo mkaza mwanawe anapiga dawa. Hakuomba apangwe pale. Alimkanyaga mwanamke mwingine mguu wakati wa kugawanywa, akachukua nafasi yake.

Kazi ilikwenda hivi. Wapiga dawa walitangulia, mabomba mgongoni, wanatoa mvuke mweupe kulia na kushoto. Wafunga miche walifuata nyuma yao, majani bado yanadondosha matone. Kibao kilichoandikwa USIINGIE, DAWA IMEPIGWA kilikuwepo, na tena kilikuwa kinatumika: mnyapara alikiweka juu ya ndoo mbili akakikalia.

"Mama, subiri majani yakauke," mkaza mwana alimwambia siku ya kwanza.

"Nisubiri nje, wewe ubaki humu na mkate wako? Tangulia. Niko nyuma yako."

Na kweli alikuwa nyuma yake. Alimfuata kwenye mistari, alimfuata kwenye bomba la maji, alimfuata mpaka chooni akasimama nje ya mlango wa bati.

"Nakusikia," akasema.

"Unasikia nini, mama?"

"Unatafuna."

"Nakojoa, mama."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akaacha foleni, haja imeshamponyoka.

Mchana waliketi kivulini kando ya pipa la kuchanganyia dawa, kwa sababu hakukuwa na kivuli kingine. Mke wa fundi alifungua bakuli lake, akanusa, akalifunga.

"Huli?"

"Kila kitu kina ladha ya dawa. Nikimeza kinarudi."

"Ni maigizo hayo. Unangoja nigeuke."

Hakugeuka. Akalikazia macho lile bakuli mpaka kengele ya kurudi kazini ilipokaribia, na kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi, akakila yeye. Kesho yake ikawa vilevile. Kesho kutwa mama mkwe hakungoja hata kengele, alinyoosha mkono mapema akachukua bakuli kama linaloletwa kwa jina lake. Wiki ilipokaribia kwisha alikuwa ameshiba vizuri na amekata tamaa kabisa. Alikuwa kama mtu aliyetega mtego wa panya akakuta umenasa kijiko. Kichwa kilimuuma, macho yalimwasha, na jambo baya kuliko yote, hakuwa na la kusema.

Ijumaa, saa ya kutoka, walisimama kwenye foleni ya kupekuliwa. Mlinzi alikuwa mwanamume mzito mwenye fimbo fupi. Kitambi chake kilimtangulia kila mahali, na hakuna aliyewahi kukipekua.

"Aha, Tangi!" akapaza sauti ili foleni nzima ifaidi. Akamgonga tumboni kwa fimbo, gonga, gonga, kama anayechagua tikiti. "Leo umebeba kilo ngapi? Hizi ni zako au za kampuni?"

Foleni ikacheka. Mama mkwe naye akacheka, kwa mazoea. Mke wa fundi akainua mikono juu bila kuambiwa, akatazama juu ya kofia ya mlinzi. Alisimama hivyo kama mtu anayengoja mvua ipite.

Kisha fimbo ikahamia tumboni kwa mama mkwe.

"Na wewe kikongwe? Au ukoo mzima mnaiba nyanya?"

Mama mkwe akaacha kucheka. Tangu azaliwe hakuna mwanamume aliyemgonga tumbo kwa kijiti. Aliidaka ile fimbo kabla haijagonga mara ya pili.

"Tumbo langu limezaa watu," akasema. "Lako limezaa nini mpaka leo? Wanawake wote wa shamba hili unawapima, wewe mwenyewe umepimwa na nani? Au hilo ni mali ya serikali?"

Sasa foleni ilicheka kweli. Mnyapara akainuka kwenye kibao chake.

"Bibi, Jumatatu usije."

"Kwani nani alikwambia nilifuata nyanya zenu?" mama mkwe akajibu, akairusha fimbo juu ya paa la kibanda cha mlinzi.

Mlangoni pa nyumba, kwa mara ya kwanza tangu kufuli liwekwe, hakuna aliyeambiwa afungue mdomo.

Jumamosi mama mkwe aliamka macho yamevimba yakafumba. Mkaza mwana akaomba ruhusa ya asubuhi, akamshika mkono mpaka zahanati.

Nesi alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa na mdomo. Alipoinua kichwa hakumtazama mzee. Alimtazama aliyemleta.

"Wewe, punguza kula."

"Mgonjwa ni huyu, nesi."

"Namwona. Na wewe nakuona. Mnajijaza mavyakula, halafu magoti yakiuma mnakuja kutusumbua sisi."

"Hali!"

Sauti ilitoka kwa mama mkwe, macho yamefumba, kidole kimenyooka kuelekea mahali ambapo nesi hakuwepo.

"Nakwambia hali huyu! Nimemlinda wiki nzima. Nimemlinda mpaka chooni. Hagusi kitu. Chakula chake nilikuwa nakila mimi, na angalia, mimi bado ni mifupa! Sasa niambie wewe uliyesoma, anajazwa na nini?"

Nesi akaweka kalamu chini. Akauliza wanafanya kazi gani, akageuza kichwa cha mzee, akaanza kumwosha macho kwa maji mengi.

"Nitawaambia ninachokijua, na msiende kusema nimeapa," akasema, sasa kwa sauti ya mtu wa kawaida. "Kuna dawa za shambani ambazo watafiti wanazishuku. Wanasema huenda zinavuruga homoni, zile zinazouambia mwili uchome mafuta au uyaweke akiba. Kwa panya wameona mambo. Kwa binadamu bado wanabishana. Mtu ananenepa kwa sababu nyingi, kuna kurithi, kuna kukosa usingizi, kuna kushinda njaa halafu ukanywa chai ya sukari tupu. Siwezi kumpima huyu nikasema ni dawa. Siwezi pia kusema siyo."

"Na mtoto?" mke wa fundi akauliza. "Nina mtoto. Naye anavimba."

"Mnaishi wapi?"

Akamwambia. Akamwambia na habari ya dirisha, na ovaroli inayofuliwa kwenye beseni analoogea mtoto, na nyanya zilizokataliwa ambazo wafanyakazi hupewa zikiwa bado na vumbi jeupe, mtoto anazifuta kwenye sketi na kuzila kama matunda.

Nesi alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Unene ndio nisiokuwa na hakika nao," akasema. "Lakini kwamba sumu ya kuulia wadudu haimfai mtoto, hilo halina ubishi. Angekuwa wangu, asingelala hapo."

Walipotoka, mama mkwe alimshika mkaza mwana begani kwa kuwa haoni vizuri.

"Usidhani nimekupenda," akasema.

"Sidhani, mama."

Jioni ya siku ile mke wa fundi alirudi kutoka zamu ya mchana akamkuta wifi ameshafika, ameketi kwenye ncha ya kiti, na mkoba mtupu wa kubebea nguo za mtoto umewekwa mezani. Alikuja kusikiliza hukumu, na tayari alikuwa na uso wa mshindi.

Mama mkwe, jicho moja limefunguka, akatoa ushahidi wake wote bila kuficha kitu, hata habari ya bakuli. Akaeleza maneno ya nesi, akakosea kidogo kwenye homoni, akapatia kwenye panya.

Fundi aliukanyaga mguu wa cherehani, sindano ikapanda na kushuka bila kitambaa.

"Basi," akasema mwishowe. "Kama hali, hali. Mtoto anabaki, nami sisemi tena. Si tulikubaliana?"

"Hapa hawezi kubaki," mkewe akasema. "Tuhame. Niache kazi, tuhame."

"Uache kazi? Chumba ni cha shamba. Leo ukiacha, kesho tunatolewa. Cherehani niiweke juu ya mti?"

Alijua. Alikuwa ameyajua majibu yote hayo tangu kwenye mlango wa zahanati. Akamgeukia wifi, na kwa mwanamke yule kuinamisha kichwa ilikuwa kazi kubwa kuliko kubeba bomba.

"Wifi, mchukue wewe. Ulimtaka. Mchukue."

Wifi akavuta mkoba wake, lakini kwa kuupeleka kwapani.

"Subiri kwanza. Kwa hiyo siyo kula. Ni sumu."

"Nesi hana hakika."

"Ndiyo mbaya zaidi! Mimi nilikuja kuchukua mtoto mlafi. Mlafi namweza. Sasa mnanipa mtoto aliyeingiwa na sumu, alale kitanda kimoja na wanangu? Mimi nashika vichwa vya watu, wifi. Wateja wakisikia?"

"Haiambukizi."

"Umeambiwa na nani, na nesi mwenyewe hajui?" Akasimama. "Kaka, pole sana. Mtoto wenu mbaki naye."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nje upepo ulikuwa unatoka upande wa uzio, na pazia la dirisha lilijaa likasogea ndani ya chumba mpaka likamgusa Kibonge begani. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, anasikiliza bei yake ikishuka.

"Nilikuwa nakula," mke wa fundi akasema.

Mguu wa cherehani ukasimama.

"Umesema?"

"Nilikuwa nakula. Nesi anasema tu, hanijui. Kwenye stoo ya mabomba, kila siku. Mkate mzima na siagi. Nyama ya kukaanga. Soda." Alikuwa hajala kitu tangu jana yake, na vitu vile vilimtoka mdomoni kimoja kimoja kama anavyoviona. "Na mtoto nilikuwa namlisha. Hakuna sumu yoyote. Ni ulafi."

"Mama," fundi akasema, "si umetwambia umemlinda mpaka chooni?"

Wote wakamtazama kikongwe. Katika maisha yake marefu ndani ya familia ile hakuwahi kusema ukweli mkubwa kama wa siku hiyo, wala hakuwahi kusikilizwa kwa makini hivyo. Alimtazama mkaza mwanawe kwa jicho lile moja. Akamtazama binti yake mlangoni, kisha Kibonge, kisha pazia.

"Alikuwa anakula kama moto wa nyikani," akasema. "Nilitaka kumsitiri. Amenishinda."

"Nilijua!" Wifi alirudi ndani anapiga makofi. "Si nilisema? Si nilisema? Eti homoni! Eti panya! Panya ni yeye!"

Fundi alimtazama mkewe. Vipimo vya mwanamke yule alivijua kwa inchi, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu anayejua kwamba hesabu haijakaa sawa. Kisha akachukua mkasi, akakata uzi ambao haukuhitaji kukatwa.

"Huna haya," akasema.

Wifi alipakia nguo upesi kama anayeogopa ushindi usije ukapoa. Masharti aliyatoa huku anakunja. Asije mtu kumwona mtoto mpaka akonde. Asitumwe mtu na chakula. Na mama yake akija, atapekuliwa mlangoni.

"Sawa," mke wa fundi akasema kwa kila sharti. "Sawa, wifi."

Alikuwa bado na ovaroli iliyolowa dawa. Alisimama upande wa beseni, mikono ameificha nyuma, maana mtoto alikuwa ameshuka kitandani na kumjia, na akimfikia atamkumbatia. Kibonge akasimama katikati ya chumba. Macho yalimlowa, lakini kidevu alikikaza.

"Kumbe ulikuwa unakula," akasema. "Mimi nina njaa kila siku, na wewe ulikuwa unakula."

"Ndiyo."

"Hukuwa unanilisha. Umewadanganya. Hukunibakizia hata kidogo."

Mama yake akatazama kama wifi amesikia. Wifi alikuwa anapigana na zipu ya mkoba.

"Sikukubakizia," akasema kwa sauti ya chini. "Vilikuwa vitamu."

Kibonge alimtazama mara moja tu, kuanzia kwenye mabuti mpaka usoni. Kisha akaenda mlangoni mwenyewe, akamshika shangazi yake mkono.